Jenereta la Gari Lenye Choo

Mama Leokadia alinipigia simu saa moja asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu pale Kayanga, akaniambia kwa sauti ileile anayoagizia chumvi kwamba Mzee Rwegoshora, mumewe, amefariki, anazikwa kesho, na mimi nije na mita yangu ya umeme. "Mita ya nini, Mama?" nikauliza, maana mtu akipewa habari ya namna hiyo mdomo huuliza lolote lililo karibu. "Wanakwaya wanataka kipaza sauti," akasema. "Umeme wa nguzo hauaminiki, na sitaki fundi mwingine aguse lile jenereta. Utalia ukifika. Kwanza njoo." Nikapanda pikipiki kwenda Isingiro, na njia nzima nikawa nalia, kisha nikikumbuka jambo nacheka, kisha nalia tena, mpaka kijana wa bodaboda akapunguza mwendo na kuniuliza, "Dada, tunakwenda msibani au harusini?" Nikamjibu msibani, kwa watu wa gari lenye choo. Akasema, "Aa," akaongeza mwendo. Kule Kyerwa maelezo hayo yanatosha.

Nilipoishi kwao nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha, bisibisi mbili, na ndoto kupita kiasi. Niliota nikitengeneza mitambo ya meli na ya hospitali. Niliota mtu akinipigia simu kutoka mbali akisema, Kemilembe, wote wameshindwa, umebaki wewe. Kwa wakati huo mtu pekee aliyekuwa akiniita ni Fundi Respicius, mwenye kibanda nilichojifunzia kazi, na aliniita ili nikalete chai. Fundi alikuwa stadi wa redio na simu, sitamnyima hilo. Mzee Rwegoshora alipokuja kibandani na habari ya jenereta linalowaka na kuzima lenyewe, Fundi alisema kitu chochote chenye waya ni ndugu yake redio, tukaenda. Tulidhani ni kazi ya siku mbili. Jenereta likatengenezwa, likakaa vizuri wiki, likazima. Tukarudi, likatengenezwa, likazima. Mwisho Fundi akawa anakuja kila Ijumaa tu, na mimi nikaachwa pale kwa Mama Leokadia kusaidia kahawa na "kuangalia tabia ya mgonjwa", kama alivyosema. Tabia ya mgonjwa huyo niliiangalia kwa karibu mwaka mzima.

Gari lenyewe lilikuwa la wageni wawili wazee waliokuwa wakizunguka Afrika. Injini iliwashinda karibu na mpaka, wakaona heri warudi kwao kwa ndege, na Mzee, aliyeendesha malori maisha yake yote na kustaafu kabla hajaichoka barabara, akalichukua kama mtu anavyochukua yatima. Injini aliitengeneza kwa mikono yake. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, jiko la plati mbili, sinki, makabati juu, mapazia ya maua, na nyuma kabisa choo kidogo cheupe. Watoto wa Isingiro walipanga foleni kukiona. Walifungua mlango, wakatazama, wakafunga taratibu kama waliokuta mtu amelala. Hakuna aliyewahi kukitumia. Mzee alihifadhi humo mbegu za maharage. Kiti cha dereva kilikuwa cha kuzunguka, na Mzee alikigeuza kiangalie ndani. Kila asubuhi alipanda kwa mlango wa dereva, kwa mazoea, akakaa hapo na kupokea wageni kama mkuu wa wilaya. Wanaume waliingia kwa mlango wa ubavuni, wakampa mkono kwa mbali, wakakaa kwenye benchi palepale mlangoni. Mbele ya kiti cha Mzee, kati ya sinki na meza, palikuwa na kipande cha sakafu kisichozidi ukubwa wa ungo, na juu yake kabati lililompiga kichwani kila aliyejaribu kusimama hapo. Wanaume hawakupakaribia. Sisi wanawake ndipo tulipopiga magoti kumsalimia.

Mama Leokadia hakuwahi kuingia. "Nimejengewa nyumba ya matofali, vyumba vinne," aliniambia siku ya kwanza, tukimenya ndizi nyuma ya jiko. "Leo niende kukaa kwenye nyumba yenye usukani? Wageni wakija niwaambie nini, subirini nigeuze nyumba?" Alikuwa akisema hayo kwa sauti ya kufika ng'ambo ya migomba, na kutoka ndani ya gari Mzee alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "Nimekusikia, Mama Adela," naye akasema, "Sijasema na wewe, nasema na ndizi." Hivyo ndivyo walivyozungumza mchana kutwa, kila mmoja nyumbani kwake. Jioni walikula sinia moja, katogo ya ndizi na maharage yenye mafuta ya ng'ombe, na Mama alimsogezea Mzee upande wenye nyama bila kumtazama usoni. Sasa nina umri wa kutosha kujua nilichokuwa nakiona. Wakati ule niliona tu kwamba upande wangu hauna nyama.

Jenereta lilikaa nyuma ya gari, ndani ya sanduku la chuma, na lilikuwa na namna yake ya kufa. Jenereta lenye mafuta machafu hukohoa kwanza, hupepesuka, huomba msaada. Hili halikuomba. Lilikuwa linanguruma vizuri kabisa, halafu kimya, kama mtu aliyekatizwa maneno. Fundi alisema ni petroli ya kwenye chupa za maji, tukabadilisha petroli na chujio. Likazima. Akasema ni plagi, tukanunua plagi. Likazima. Akasema ni kile kifaa kinachopima oili, ambacho oili ikipungua huzima injini isije ikaungua, na kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, bila shaka oili ilikuwa inakimbilia upande mmoja na kukidanganya. Hilo lilinipendeza sana, lilikuwa na akili ndani yake. Tulibeba mawe siku nzima, tukaliinua gari upande wa chini mpaka maji kwenye sahani yakakaa sawa. Jenereta likanguruma saa mbili bila kusita. Fundi akasimama mikono kiunoni. "Kemi," akasema, "nenda ukamwambie Mzee." Nikanawa mikono, nikaingia, nikapiga magoti. "Shikamoo Mzee. Linafanya kazi." Likazima.

Mzee hakukasirika. Alitazama dari, akasema, "Lilikuwa linafanya kazi."

Nilianza kuandika kwenye daftari, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba wauguzi huandika. Nilipima kwa mita kila waya nilioweza kuufikia, nikaandika: waya mzima, waya mzima, waya mzima. Kisha nikaanza kuandika lilizima saa ngapi na mimi nilikuwa nafanya nini. Hilo ndilo lililoniponza. Bado ninalo daftari lile. "Jumatatu, limezima nikimpelekea Mzee chai. Jumanne, limezima nikimpelekea Mzee kahawa ya kutafuna. Jumatano, sikwenda, nilikuwa shambani Kaisho na Mama kuangalia maharage, halikuzima. Alhamisi, limezima nikimpa Mzee pole kwa kuzimikiwa." Niliyasoma yale maandishi kitandani, nikayasoma tena. Nilikuwa nimeandika ushahidi dhidi yangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa naanua kahawa kwenye mkeka chini ya dirisha la gari nikamsikia Fundi akisema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi simsemi vibaya binti wa watu. Lakini wewe mwenyewe umeona. Akiingia yeye, umeme unatoka." Fundi akaendelea, "Wapo watu wa namna hiyo. Kuna mtu Bweranyange akishika saa, inasimama." Mzee akasema, "Ni mtoto mwema." Fundi akasema, "Wema wake sina ubishi nao. Ninachosema ni umeme." Sikuinua mkeka. Nilikaa pale nimeinama kama ninachagua mbovu, na machozi yakaanguka kwenye kahawa ya watu.

Jambo hilo lilikuja wakati mbaya. Jumamosi ya wiki iliyofuata Adventina, mtoto wa dada yake Mzee, alikuwa anaolewa, na Mzee alikuwa ameahidi mbele ya ukoo mzima kwamba bibi harusi atavalia ndani ya gari, nywele zikaushwe humo, na muziki utoke humo. Wapo waliocheka. Mzee akasema, likizima siku hiyo, basi gari ataliuza kwa atakayetaka banda la kuku. Na mimi? Fundi aliniambia bila ubaya wowote, akikunja nyaya zake: "Kemi, huenda Mungu amekupangia cherehani." Nilimwelewa. Nani angempa redio yake fundi ambaye umeme wenyewe unamkimbia? Jina la mkosi likishafika Kayanga, hata chai ningetumwa kwa tahadhari. Nikamwomba Mzee niwe siingii ndani, nifanye kazi yangu kwa nje tu. Alikubali upesi kuliko nilivyotaka. Na siku tatu nisizoingia, jenereta liliwaka siku tatu, asubuhi hadi jioni, bila kuzima hata mara moja. Majirani waliopita walisema, "Hongera Mzee, limepona." Niliosha vyombo vya nyumba nzima, hata vilivyokuwa safi. Mama Leokadia akanitazama, akaniwekea sahani, na jioni ile upande wenye nyama ukaja kwangu.

Alhamisi mchana Adventina akaja kuona atavalia wapi. Mimi nilikuwa mbali, kule kwenye kahawa, nimejitenga makusudi kama mwenye surua. Nikamwona akivua viatu mlangoni na kuingia. Nikasikia sauti yake nyororo ikisalimia kwa heshima ya kwetu, "Shikamoo, waitu." Jenereta likanyamaza.

Sitasahau ile furaha. Msichana wa watu ameharibikiwa na harusi, mjomba wake ameaibika, na mimi nilikimbia kupitia kwenye migomba nikicheka. Adventina alikuwa bado yuko chini, mikono mapajani, amepigwa na butwaa. "Umefanya nini?" nikamwuliza nikihema. Akasema, "Sijagusa kitu, dada. Nimesalimia." "Umesalimiaje?" "Nimesalimia kama watu." Nikamtazama alipopiga magoti: pale pale, kati ya sinki na meza, mahali penye ukubwa wa ungo. Nikatazama sinki, ambalo lilivuja tangu siku ya kwanza, na ubao wa sakafu chini yake uliokuwa umevimba na kulainika kama mkate uliodondokewa na chai. Nikasema, "Mzee, tuliwashe tena. Na usikubali mtu yeyote akusalimie."

Fundi Respicius aliitwa kwa simu, akaja Ijumaa na kofia yake ya pikipiki akiwa bado ameivaa. Nikamweleza yote ndani ya gari, mbele ya Mzee na Adventina aliyekuwa amerudi. Chini ya ubao ule umepita waya mwembamba wa swichi ya kuzimia, unatoka kwa dereva unakwenda nyuma kwenye jenereta. Waya huo ukigusa chuma cha gari, injini inajua imeamriwa kuzima, inatii. Nilikuwa nimeupima mara nyingi na ni mzima, lakini niliupima nikiwa nimelala chini ya gari, hakuna mtu amepiga magoti juu yake. Fundi akasikiliza, akatikisa kofia. "Kwa hiyo wewe likakuzimikia, na Adventina likamzimikia," akasema. "Ni nilivyosema. Sasa mmekuwa wawili." Nikamwomba nifungue sakafu. Akamwambia Mzee kwamba kesho ni harusi, na binti akishafumua sakafu hatakuwa na jenereta wala pa kukanyaga. Mzee akatutazama mmoja mmoja.

"Basi apige magoti mwanamume," nikasema. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. "Wakipiga wanawake, utasema ni wanawake. Piga wewe, Fundi."

"Mimi? Goti langu la kulia nililiangushia pikipiki."

"La kushoto je?" ikauliza sauti mlangoni. Alikuwa Mama Leokadia, kitambaa cha jikoni begani, mguu mmoja kwenye ngazi ya nyumba yenye usukani. Mzee akasimama kiasi dari lilivyomruhusu. "Nitapiga mimi," akasema. "Gari ni langu." Hapo Mama akavua ndala akaingia, kwa mara ya kwanza, akisema anataka kuona kwa macho yake. Benchi lilikuwa limejaa Fundi, mfuko wake wa vifaa na Adventina. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, cha dereva, na Mzee alikuwa ameshakiacha. Mama akakaa, akakisukuma kidogo kuona kama kinazunguka kweli, kikazunguka, akakirudisha upesi.

Jenereta likinguruma nyuma, Mzee alishika sinki kwa mkono mmoja na meza kwa mwingine. Likashuka goti la kushoto, akapumua kwanza, likafuata la kulia. Akawa uso kwa uso na mkewe, yeye chini, Mama juu, na nyuma yetu jenereta likanyamaza. Tukasikia kuku nje. Tukasikia sinki likidondosha tone.

"Marahaba," akasema Mama Leokadia.

Adventina akajifunika uso kwa kanga. Fundi akavua kofia. Mzee akainuka kwa shida, mimi nikakimbia nyuma kuliwasha, nikarudi. "Sasa mnaona?" nikasema. Lakini Mama alikuwa hajaridhika. "Mimi sijasoma mambo ya umeme," akasema, "ila mara moja inaweza kuwa bahati mbaya tu. Arudie." Mzee akamtazama. "Mama Adela." "Harusi ni kesho," akasema Mama. "Tusije tukaaibika." Akarudia. Likazima. "Mawe, mama yangu," akasema Mama taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Miaka arobaini na mbili nimepiga magoti mimi."

Nikafungua sakafu. Waya ulikuwa pale, gamba lake limelika upana wa ukucha, umelala juu ya chuma ukisubiri mtu mwenye adabu aukandamize. Fundi aliushika, akaukagua kwa muda, akaniachia nafasi. "Haya, fundi," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, na hakurudia kwa miezi kadhaa, lakini siku ile alisema. Nikauzungushia tepu nyeusi, juu yake kipande cha mpira wa baiskeli, nikausogeza mbali na chuma, nikaweka ubao mpya. Fundi na Adventina wakatoka kwenda kuliwasha. Kilichobaki ni kulijaribu, na Mzee hakungoja kuambiwa. Akashika sinki na meza, akashuka tena mbele ya kiti, Mama akiwa bado amekikalia. Jenereta likanguruma. Likaendelea kunguruma. Mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo, nikafika sitini.

"Mbona huinuki?" Mama akauliza.

"Naangalia kama litazima."

"Halijazima."

"Ngoja kidogo."

Nilikuwa na skrubu nne mkononi za kufunga kifuniko. Niliziweka mezani, nikatoka nje.

Harusi ilikwenda vizuri. Shangazi na mama wadogo zaidi ya ishirini walipiga magoti mahali pale siku ile, na jenereta likavumilia kila mmoja. Nywele zikakauka, muziki ukasikika hadi kwa waliocheka, na Adventina akawa binadamu wa kwanza kukitumia kile choo. Maharage yalihamishwa kwa heshima yake. Mzee alinishika bega mbele ya wageni akasema, "Fundi wetu ndiye huyu," na mzee mmoja mgeni akamtazama Fundi Respicius aliyekuwa nyuma yangu na kumpa pongezi. Nilitaka kuchukia, nikashindwa. Nilikuwa nimeshiba.

Kesho yake ya ile simu ya Mama, Mzee alizikwa mchana, na kipaza sauti hakikukata hata mara moja. Baadaye, kwaya ikiwa bado inaimba, nilimtafuta Mama Leokadia nyumba nzima nikamkosa. Alikuwa kwenye gari, amekaa kwenye kile kiti, viatu amevivua. Nikaingia, nikapiga magoti pale pale kwa mazoea, na wote wawili tukabana pumzi tukisikiliza. Likanguruma.

"Marahaba," akasema. Kisha akaongeza, "Ile mara ya kwanza aliyonipigia magoti ilikuwa ya jenereta. Ya pili nilimwonea, nakiri. Ile ya tatu, wewe ulikuwa umeshatoka. Kuna neno aliniambia."

"Alisema nini, Mama?"

"Jenereta si lilikuwa linanguruma? Sikusikia."

"Hukumwambia arudie?"

"Hapana," akasema. "Nilimwitikia tu marahaba." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia nikaangalie petroli, maana kwaya bado ina nyimbo mbili.